Yule Mama wa Tom na Jerry Ambaye Hatukuwahi Kumwona Uso



Wiki iliyopita mteja wangu mmoja hapa Maili Moja, Kibaha, aliniletea mapazia ya chumba cha mwanawe niyapinde. Kitambaa kizima ni Tom na Jerry. Huku Tom kabanwa mkia, kule Jerry kabeba kipande cha jibini kimemzidi mwili, pembeni yule mbwa Spike ananguruma. Nikawa napiga pasi huku nacheka peke yangu. Halafu nikaona kuna mtu anakosekana. Nikageuza kitambaa chote, mita nane, sikumwona.

Yule mama. Mnamkumbuka? Miguu minene, ndara miguuni, gauni la buluu na aproni nyeupe, fagio mkononi. Akiingia tu Tom anajua kimenuka. Tulimwona kiunoni kushuka chini, uso wake kamwe. Sisi watoto tulikuwa tunainamisha vichwa mbele ya televisheni tukidhani tukichungulia kwa chini tutamwona juu.

Leo naandika historia ya katuni hii maana watu wa rika langu imetulea, na vitu vyake bado tunanunua. Lakini ukweli nataka nifike kwa huyo mama.

Tuanze mwanzo. Filamu ya kwanza ilitoka tarehe 10 Februari 1940, huko Marekani, kwenye studio ya MGM. Iliitwa "Puss Gets the Boot". Waliobuni ni vijana wawili, William Hanna na Joseph Barbera, lakini ukiitazama leo majina yao huyaoni, limeandikwa jina la mkubwa wao Rudolf Ising peke yake. Na paka hakuitwa Tom, aliitwa Jasper. Wakubwa wa studio hawakuona kama kuna haja ya kuendelea na habari za paka na panya. Kilichowageuza mawazo ni barua ya mwanamke, Besa Short, aliyekuwa akishughulikia filamu fupi katika majumba ya sinema ya Texas, akiuliza zitakuja lini nyingine za namna ile. Basi wakaitisha shindano la majina pale pale studio, mchoraji mmoja John Carr akapendekeza Tom na Jerry, akazawadiwa dola 50. Dola 50 tu, kwa majina ambayo leo yako kwenye mabegi ya shule mpaka Chole Samvula.

Hanna na Barbera walitengeneza filamu 114 kati ya 1940 na 1958, na 7 kati ya hizo zilipata Oscar. Sanamu zenyewe alikuwa anapanda jukwaani kuzipokea meneja wao, Fred Quimby. Ule ukelele wa Tom akiumia, ule unaotoka mpaka roho, ni wa Hanna mwenyewe. Muziki ni wa Scott Bradley, na huyu nampa heshima yake, kwa sababu katuni isiyo na maneno ni muziki ndio unaokueleza nani ananyatia na nani keshaonekana. Na mwaka 1945 Jerry alicheza dansi na Gene Kelly kwenye filamu ya "Anchors Aweigh". Kwanza walimtaka Mickey Mouse, wenyewe kina Disney wakakataa. Nyingine 13 zilichorwa Prague mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Gene Deitch. Hizo ndizo zile ulizokuwa ukiziona ukasema leo Tom anaumwa nini, mbona kakonda na sauti zinatoka kama ndani ya pipa. Hukukosea.

Huko kukosa maneno ndiko kulikoileta kwetu. Nyinyi wa Unguja mlituzidi, Televisheni Zanzibar imeanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati bara hatuna hata ya nyeusi na nyeupe. Sisi bara tumesubiri mpaka 1994 vilipoanza vituo vya watu binafsi kama ITV. Kwa hiyo mtoto wa Kibaha wa miaka ile katuni aliipata zaidi kwenye kanda. Banda la video lilikuwa na benchi, giza, na deki moja. Filamu za Kichina na za Kizungu zilihitaji mtu wa kuzitafsiri, na ndiyo maana marehemu Lufufu alipata jina kubwa kwa kutia sauti yake juu ya filamu za watu. Tom na Jerry hawakuhitaji Lufufu. Bibi yangu wa Kisarawe, asiyejua Kiingereza hata neno moja, alicheka sehemu zile zile tulizocheka sisi.

Kisarawe ndiko nilikoiona mara ya kwanza, likizo ya mwezi wa kumi na mbili, nikiwa na miaka kama tisa. Jirani alikuwa na televisheni ndogo anaiwasha kwa betri ya gari, na betri ikienda kuchajiwa mjini tunakaa siku tatu bila kitu. Siku hiyo mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa amekuja kupumzika kutoka kazini. Yeye alikuwa dada wa kazi Upanga, Dar es Salaam. Alipotoka kijijini alikuwa na miaka kumi na saba, na alikaa nyumba moja miaka sita.

Katuni ilikuwa ile ambayo mama mwenye ndara anamwambia paka akivunja kitu kimoja tena atamtupa nje. Panya kasikia. Basi panya anashika glasi, anaining'iniza ukingoni, paka anageuka mtumwa, anakimbia huku na kule kudaka vyombo. Ndiyo hiyo filamu ya 1940, ya kwanza kabisa, ila hatukujua. Sisi watoto tulikuwa hoi kwa kicheko. Mama mdogo hakucheka. Akasema, "Hizo glasi atalipa yule mama." Sikumwelewa.

Nimemwelewa ukubwani. Kule Upanga kila glasi iliyovunjika ilikatwa kwenye mshahara wake, hata ile aliyoivunja mtoto wa bosi kwa mpira. Mwezi mmoja, ananiambia, alibakiwa na nauli ya Gongo la Mboto na senti za chumvi. Kuna sherehe ya kuzaliwa mtoto walipiga picha, na nakala moja akapewa aniletee mimi kwa sababu ya keki. Picha ile ipo mpaka leo kwenye albamu ya bibi. Familia yote imekaa mezani, na pembeni kabisa kuna pindo la khanga na mkono ulioshika sinia. Mkono huo ndio wake.

Sasa rudini kwenye katuni. Yule mama ana jina, ingawa kwenye filamu haitwi. Watengenezaji walimwita Mammy Two Shoes. Huko Marekani, "mammy" ni picha ya kale ya mwanamke mweusi, mnene, mwenye kelele, anayeishi kwa ajili ya jikoni la watu wengine na hana lake. Ilianzia enzi za utumwa, ikaingia kwenye matangazo, kwenye vibweta vya biskuti vyenye umbo lake, kwenye sinema, na mwishowe kwenye katuni ya watoto. Wakamkata kichwa wakabakiza miguu na sauti.

Sauti hiyo ilikuwa ya mtu. Lillian Randolph, mwigizaji na mwimbaji mweusi. Alikuwa maarufu redioni kama Birdie katika "The Great Gildersleeve", na kama umewahi kuona ile sinema ya Krismasi ya 1946, "It's a Wonderful Life", yeye ndiye Annie anayetoa akiba yake mwishoni. Annie naye ni mtumishi. Birdie pia mtumishi. Kwenye Tom na Jerry alitia sauti kuanzia 1940 mpaka 1952 na jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Wamarekani weusi wenzake walimlaumu, jarida la Ebony lilimkosoa kwa kukubali nafasi hizo, na chama cha NAACP kilipinga mhusika mwenyewe. Yeye alijitetea, akasimama na kazi yake.

Nimelifikiria sana hili. Wa kulaumu wana haki, maana picha ile iliumiza, na watoto weupe wengi huko walikua wakijua mwanamke mweusi ni miguu na fagio. Lakini mimi nimekulia katika nyumba ambayo ada yangu ya kidato cha kwanza ililipwa na mshahara wa hausigeli, ule uliobaki baada ya glasi. Siwezi kumwambia Lillian Randolph angekataa. Walioandika wakachora ndio waliokuwa na kalamu.

Na kuna filamu moja ambayo nataka kila mmoja wenu aitafute. Inaitwa "Saturday Evening Puss", ya 1950. Ni Jumamosi usiku. Yule mama kavaa, na hapa mnisamehe, naongea kama fundi cherehani. Kaondoa aproni. Kavaa gauni la kutokea, viatu vya kisigino, bangili. Anatoka, anakwenda klabu kucheza karata na wenzake! Nilipoiona hiyo ukubwani nilisimamisha cherehani. Miaka yote tulidhani mama huyu yupo tu pale, kama jiko. Kumbe ana Jumamosi yake na mashoga zake, na ana gauni zuri alilolitundika mahali. Hata wale wanaobishana kama ni mtumishi au ndiye mwenye nyumba wanaanzia kwenye filamu kama hizi, maana mbona anaingia na kutoka kama nyumba ni yake? Mimi nasema gauni lile lilishonwa kwa vipimo vyake. Halivutiki kifuani wala halikunji kiunoni. Mchoraji aliyechora hivyo alijua nguo.

Tom akibaki peke yake anaita paka wenzake wa mitaani, wanafanya pati, Jerry analala hapati usingizi, mwisho anapiga simu klabuni kumshtaki. Mama anatoka mbio kurudi nyumbani. Na hapo kwenye mbio hizo, sekunde isiyotimia, anakuja moja kwa moja kwenye kamera na uso wake unaonekana.

Filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde moja. Katuni ya dakika saba ni picha zaidi ya elfu kumi. Uso wake ni picha chache humo.

Halafu sikilizeni walichofanya. Katikati ya miaka ya 1960 katuni hizi zilipopelekwa kwenye televisheni ya Marekani, na malalamiko kuhusu yule mama yakiwa mengi, timu ya Chuck Jones ilipewa kazi ya kumwondoa. Baadhi ya filamu wakabadilisha sauti, June Foray akaweka lafudhi ya Kiairishi ionekane mtumishi ni mzungu. Nyingine wakamchora upya kabisa. Na "Saturday Evening Puss" ilikuwa mojawapo. Kwenye toleo lile anayevaa na kutoka Jumamosi si yeye tena, ni msichana wa kizungu mwembamba, na anakwenda dansi.

Yaani filamu za kufagia zilibaki na miguu yake nyingine nyingi tu, lakini usiku mmoja aliotoka kujifurahisha wakampa mwingine. Mimi hilo liliniuma kuliko fagio.

Miaka ya 1990 sauti ikarekodiwa tena, safari hii na Thea Vidale, mchekeshaji mweusi, ili ile lafudhi ya kukejeli ipungue. Kwa hiyo filamu moja ina matoleo mawili matatu, na inategemea kanda yako ilitoka wapi. Wewe wa Wete unaweza kuwa umekua na mama mweusi, binamu yako wa Muscat akakua na mzungu, mkabishana ukumbini na wote mnasema kweli. Mwaka 2014 Amazon na iTunes walianza kuweka onyo mwanzoni kwamba baadhi ya katuni hizi zina ubaguzi wa rangi wa zama zake. Onyo naliona bora kuliko kufuta. Ukifuta, Lillian Randolph naye anaondoka.

Sasa vitu vyake, maana najua kuna wapenzi wa vitu humu ndani. Vinavyotafutwa zaidi na wakusanyaji ni zile karatasi za plastiki za wazi zilizochorwa kwa mkono, zile zenyewe zilizopigwa picha kutengeneza filamu. Zamani studio zilizisafisha wakazitumia tena au zikatupwa, kama sisi tunavyotupa vipande vya kitenge, leo moja tu inatundikwa ukutani kwenye fremu. Vingine ni glasi. Mwaka 1975 Pepsi Marekani ilitoa seti ya glasi zenye picha za Tom, Jerry, Spike, yule panya mdogo Tuffy, Droopy na dubu Barney. Watu wanazitafuta hadi leo wakamilishe seti. Mama mwenye ndara hana glasi. Hana pazia, hana begi, hana shuka. Nimepekua mitumba ya Maili Moja na Mlandizi, nimeuliza Kariakoo kwa wauza vitambaa, hakuna.

Mimi ninayo glasi moja. Si ya Pepsi, ni ya dukani ya kawaida, Tom upande mmoja Jerry upande wa pili, imemeguka mdomoni. Mama mdogo alipoacha kazi Upanga 1998 alipewa kama kumbukumbu. Glasi iliyomeguka! Ila haikuvunjwa na yeye, alisema, ndiyo maana aliikubali. Mimi naweka humo pini na chaki.

Nikiwa hapo hapo kwenye glasi, niseme jambo kwa wenye wasaidizi wa nyumbani, na humu ndani tupo wengi, mimi mmoja wao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu na dada wa nyumbani. Huwezi kumkata kwa kitu kilichovunjika mpaka iwe ni kosa lake kweli, akiwa kazini, umwandikie sababu na kiasi, umpe nafasi ya kujieleza, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara wake wa mwezi. Na wana chama, CHODAWU. Mama mdogo ameyasikia haya akiwa na wajukuu.

Wanangu wao wana "Akili and Me", inatengenezwa Dar es Salaam na Ubongo. Akili ni mtoto wa miaka minne, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na usiku akilala anaingia dunia yake ya ndotoni. Anazungumza Kiswahili. Uso wake umejaa kioo kizima. Mdogo wangu wa mwisho anataka nimtie Akili kwenye gauni la Idi la binti yake, nimemwambia mchoro ni wa watu, hakimiliki ina sheria yake ya 1999, tuombe ruhusa kwanza au nimtarizie ua. Kanuna. Tom na Jerry wa kwenye mapazia ya mteja wangu nao sina hakika waliombewa ruhusa huko walikochapwa, lakini hilo la kiwandani si langu, mimi nilipewa nipinde tu.

Ijumaa mama mdogo alikuja Kibaha kuchukua dera lake. Nikamwekea "Saturday Evening Puss" kwenye simu, ile yenyewe ya zamani. Tukafika pale mama anaporudi mbio. Nikasimamisha, imepita. Nikarudisha nyuma, imepita tena. Mara ya nne au ya tano kidole kikalenga, uso ukakaa kwenye kioo, mweusi, macho makubwa, mdomo wazi.

Mama mdogo akavaa miwani. Akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali.

"Kumbe ana sura," akasema. "Anafanana na shangazi yako wa Maneromango."

Nikamwambia kweli, hasa akikasirika.

Akaniomba nirudishe nyuma, si pale pa uso, pale anapovaa bangili kabla ya kutoka. Tukapaona mara mbili. Kisha akauliza dera lake mbona bado pindo.